Msokoto Usiofutika

Katika jumba la makumbusho la Liverpool, Uingereza, upo mshipi wa kitani uliotoka Misri ya kale. Una urefu wa mita 5.2. Ncha yake moja ina upana wa sentimita 12.7, na upana huo unapungua kidogo kidogo hadi sentimita 4.8 kwenye ncha ya pili, bila nguo kukatwa wala kushonwa mahali. Unaitwa mshipi wa Ramesesi, kwa kuhusishwa na Farao Ramesesi wa Tatu wa karne ya 12 kabla ya Kristo. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wenye elimu yao wamebishana juu yake kwa swali moja: ulifumwa kwa chombo gani?

Mwaka 1916 Arnold van Gennep, ambaye tayari alikuwa na jina kwa kitabu chake cha 1909 kuhusu miviga, alishirikiana na mtaalamu wa Misri ya kale, Gustave Jéquier, kutoa kitabu kilichochapwa Neuchâtel, Uswisi. Walisema mshipi huo ulifumwa kwa vibao, na kwamba Wamisri wa kale waliijua sana kazi hiyo. Mwaka 1923 walijibiwa na Grace Crowfoot na Henry Ling Roth, waliokataa katakata. Katika miaka ya 1970 Mjerumani Otfried Staudigel akaifufua hoja ya vibao kwa kuonyesha namna ambavyo ingewezekana. Hakukuwa na maandishi ya kaburini ya kuamua kesi. Pande zote zililazimika kuinamia nguo yenyewe na kuuliza: je, nyuzi hizi zimesokotana, au zimelala tu?

Swali hilo linaonekana dogo. Kwa anayefuma kwa vibao, ndilo swali lenyewe.

Kazi hii haihitaji kitanda cha mfumi. Unachukua vibao vidogo vya mraba, vya mti, mfupa, ngozi au karatasi ngumu, kila kimoja kikiwa na tundu katika kila pembe, na kila tundu unalipitisha uzi. Vibao vinapangwa ubavu kwa ubavu kama karata mkononi. Ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, unaifunga kiunoni, nyingine kwenye nguzo, kisha unajivuta nyuma mpaka nyuzi zikaze. Nyuzi za matundu ya juu zinaachana na za matundu ya chini, na katika uwazi huo unapitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza. Halafu unavigeuza vibao vyote robo mzunguko. Katika kila kibao uzi mmoja unapanda na mwingine unashuka, uwazi mpya unafunguka, mshindio unapita tena. Na kila kibao kinapogeuka, nyuzi zake nne zinasokotana na kuwa kigwe. Migeuzo minne, msokoto mmoja kamili. Utepe unaouona mwishoni ni vigwe vingi vilivyolala sambamba, na mshindio umefichika ndani yake ukivifunga pamoja.

Aliyewahi kuona kamba ya usumba ikisokotwa Unguja au Pemba ataelewa haraka. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani yanafukuliwa, yanapondwa, na nyuzi zake zinasokotwa viganjani. Kila uzi unasokotwa kuelekea upande mmoja, kisha nyuzi mbili zinapotwa pamoja kuelekea upande wa pili. Kila uzi unataka kujifumua, na kule kutaka kujifumua ndiko kunakoikaza kamba. Kigwe cha kibao, kwa upande wake, hakina wa kukinzana naye ila jirani yake wa ubavuni. Jirani huyo atavuta kuelekea upande gani, hilo anaamua mfumaji.

Analiamua mapema, kabla hajafuma hata kidole kimoja. Uzi unaweza kuingizwa kibaoni kutoka kushoto au kutoka kulia, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya kigwe kiiname kama mstari wa kati wa herufi S au ule wa herufi Z. Ukipishanisha, kibao hiki kushoto na kinachofuata kulia, nguvu zinalingana na utepe unalala bapa kama ukili. Ukiingiza nyuzi zote kwa upande mmoja na kugeuza vibao vyote mbele bila kuvirudisha, vigwe vyote vinavuta njia moja. Maadamu mtande umekazwa, huoni kitu. Ulegeze tu: utepe unajinyonga wenyewe hewani kama ganda refu la konokono.

Vitabu vingi vya kufundishia vinalihesabu hilo kuwa kosa. Mimi naona ndipo mlango wa sanaa hii ulipo. Hebu fikiria jaribio hili. Mshindio usiende na kurudi kama kawaida, bali uingie kila mara kutoka upande uleule, uvukie mgongoni mwa utepe kurudi ulikoanza, na uvutwe ukaze. Kingo mbili za utepe zinakutana, utepe unakuwa mrija. Kama nyuzi nne za kila kibao ni za rangi mbalimbali, na kila kibao kimetangulizwa robo mzunguko mbele ya jirani yake, mistari iliyokuwa ikipita kimshazari kwenye utepe bapa sasa inauzunguka mrija kama mmea mtambaazi unavyoupanda mnazi. Idadi ya vibao ikigawanyika kwa 4, mistari inaungana na huoni mshono. Ukichoka na mwelekeo huo, geuza vibao kinyume. Mstari unakunjika pale pale na kuanza kupanda kwa upande wa pili, na mahali pa kukunjika panabaki pakionekana maisha yote ya nguo.

Hapo ndipo ufumaji wa vibao unapotofautiana na ule wa kitanda. Katika kitanda, mtande unapanda na kushuka bila kuacha alama ya njia iliyopita. Katika vibao, kila mgeuzo unafungwa na mshindio kabla ya mgeuzo unaofuata, na hauondoki tena. Nyuma ya vibao, msokoto wa kinyume nao unajikusanya kwenye nyuzi ambazo hazijafumwa, unakaza, unakaza, mpaka vibao vinakataa kugeuka. Mfumaji ana njia mbili: afungue ncha ya mbali na kuuachia msokoto ujifumue, au aanze kugeuza kinyume. Akichagua njia ya pili, nguo itamsema. Anayejua kusoma ataonyesha kwa kidole mahali pale pale mfumaji alipobadili nia.

Grace Crowfoot alikuwa msomaji wa namna hiyo. Alikaa Sudan na mumewe, aliyekuwa mkuu wa elimu huko, na kusokota uzi na kufuma alijifunza kwa wanawake wa Sudan, akikaa nao na kushika wanachoshika. Mwaka 1931 alitoa kitabu kuhusu njia za kusokota uzi kwa mkono Misri na Sudan. Ni elimu iliyompa jicho. Kitani, kwa mfano, kikilowa na kukauka hujizungusha chenyewe kuelekea upande wa S, na nyuzi za Misri ya kale kwa kawaida zimesokotwa kwa upande huo huo, mkono wa msokotaji ukifuata matakwa ya mmea. Jambo hilo linagusa vibao pia: msokoto wa kibao ukienda sambamba na msokoto wa uzi, uzi unakaza na kung'aa, ukienda kinyume, uzi unalegea na kuvimba. Uzi ule ule, vibao viwili jirani, sura mbili. Bintiye Crowfoot, Dorothy Hodgkin, alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1964 kwa kusoma maumbo ya molekuli ambayo jicho haliyaoni. Mama alikuwa akifanya kazi ya jamaa hiyo hiyo kwa lenzi na nyuzi.

Mwaka 1939 Crowfoot aliandika juu ya tepe za mavazi yaliyotoka katika jeneza la Mtakatifu Cuthbert huko Durham. Mavazi yale yaliagizwa na Malkia Ælfflæd mwanzoni mwa karne ya 10 kwa ajili ya Askofu Frithestan wa Winchester, na majina yao wote wawili yametariziwa kwenye nguo. La aliyezifuma tepe halimo.

Katika Ulaya, kazi ya vibao ina miaka mingi kuliko mavazi hayo. Mgodi wa chumvi wa Hallstatt, Austria, umehifadhi tepe za namna hii za kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo, kwa sababu chumvi haiachi kitu kioze. Karina Grömer wa makumbusho ya Vienna amezichunguza kigwe kwa kigwe. Huko Hochdorf, Ujerumani, kaburi la mkuu mmoja wa Wakelti wa karne ya 6 kabla ya Kristo lilifukuliwa mwaka 1978 na 1979, na nguo zilizofunikia vyombo vyake zilikuwa na tepe za vibao zenye nakshi ngumu. Hazikuwa kazi za kujifunzia. Watu waliozifuma walikuwa wameshaushinda msokoto, na walijua kukigeuza kibao kimoja mbele na jirani yake nyuma ili rangi ijitokeze wanapoitaka.

Kisha likaja kaburi la Oseberg. Mwaka 1904, karibu na Tønsberg nchini Norway, Gabriel Gustafson alifukua merikebu ya urefu wa mita 21.5 iliyozikwa pamoja na wanawake wawili. Miti ya chumba chao cha mazishi ilikatwa mwaka 834. Ndani mlikuwa na gari la kukokotwa, vitanda, mapazia ya picha, na miongoni mwa vyombo vya kufumia, vibao 52 vikiwa bado na nyuzi zake, kazi imeachwa katikati.

Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1901, Margarethe Lehmann-Filhés alikuwa ametoa Berlin kitabu kizima juu ya ufumaji wa vibao. Alikuwa mtafsiri wa hadithi za watu wa Iceland, na ni kwa kufuata lugha na desturi za kisiwa hicho ndipo alipoifikia kazi hii, iliyokuwa imesahaulika karibu kabisa Ujerumani. Wasomaji wake walikuwa wameshapata maneno na michoro ya vitu hivi ardhi ya Oseberg ilipofunguliwa. Napenda mpangilio huo wa miaka. Mwanamke wa Berlin aliifufua kazi vitabuni, na mara kazi yenyewe ikatoka ardhini ikiwa imekatizwa kwenye mgeuzo ambao hakuna aliyeukamilisha.

Si kila mfumaji alitaka msokoto. Huko Myanmar, Wabudha waliweka nadhiri zao katika mikanda iitwayo sazigyo, ya kufungia maandiko matakatifu yaliyochorwa kwenye majani ya miti ya jamii ya minazi. Ni tepe nyembamba za mita kadhaa, zilizofumwa kwa vibao, na ndani yake zimefumwa herufi: sifa za waliotoa sadaka, thawabu wanazoziomba. Sulawesi, Indonesia, Waislamu walifuma maandishi ya Kiarabu kwa njia inayokaribiana na hiyo. Herufi haivumilii kigwe kinachojinyonga. Kwa hiyo vibao vinageuzwa mara mbili mbele na mara mbili nyuma, na msokoto unajifuta kila unapozaliwa. Ukiuweka mkanda wa maneno kando ya mrija wa rangi zinazozunguka, huwezi kuamini kwamba vimetoka katika vibao vile vile vya matundu manne.

Lakini katika habari zote hizi ipo moja ambayo vitabu vya Ulaya vimezoea kuitaja mwishoni, na kwangu mimi ingestahili kutangulia. Ni ya jirani zetu wa Ethiopia.

Karne ya 18, Gondar ilikuwa makao ya wafalme. Mfalme Bakaffa alitawala kuanzia 1721 hadi 1730. Alipofariki, mjane wake Mentewab alishika hatamu kwa niaba ya mwanawe Iyasu wa Pili, na kwa miongo kadhaa hakukuwa na jambo kubwa lililopita Gondar bila mkono wake. Alijenga, alilipa wachoraji, alipamba makanisa. Katika enzi hiyo wafumaji wa Gondar walifanya jambo ambalo mahali pengine halikuthubutiwa. Waliichukua kazi ya vibao, ambayo ulimwenguni kote ilikuwa kazi ya mishipi, tepe na pindo la nguo, ile ambayo watu wa pwani wangeiweka jirani na taraza, wakaitumia kufuma pazia la kanisa.

Pazia hilo hutenganisha patakatifu na waumini. Lililoko sasa British Museum, London, lina urefu wa zaidi ya mita 5, na limeunganishwa kutoka vipande vitatu vilivyofumwa kila kimoja peke yake. Nyuzi ni hariri, na hariri yenyewe ilitoka China. Mfumaji wa mshipi hutumia vibao makumi. Hapa vilihitajika mamia, vimejipanga bega kwa bega, na mtande wa hariri umekazwa kwa urefu unaozidi nyumba. Juu yake kuna watu: makasisi, watumishi wenye silaha, na jamaa ya kifalme ambayo wataalamu wanaihusisha na Bakaffa, Mentewab na Iyasu.

Tafakari maana ya kumfuma mtu kwa vibao. Kwenye mistari ya kimshazari unaweza kuvishika vibao vyote kama kifurushi kimoja na kuvigeuza mara moja. Kwenye sura ya binadamu huwezi. Mstari wa bega unapopinda, kibao hiki kigeuke mbele, kile kirudi, kile kingine kisubiri. Jicho la duara, mkunjo wa joho, mkono ulioinuliwa, kila kimoja kinadai uamuzi wa kibao kwa kibao, na uamuzi huo urudiwe kila mshindio unapopita. Wakati wote huo msokoto unajikusanya nyuma, si sawa kwa vibao vyote bali kwa kila kimoja kadiri kilivyogeuzwa. Kigwe kimoja kikikaza kuliko jirani yake, pazia linavuta upande. Pazia la Gondar halivuti upande. Michael Gervers wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliyeandika juu ya mapazia haya mwaka 2004, alikuwa na mfano mwingine karibu yake, kwa kuwa Royal Ontario Museum ya mji huo inalo pazia lake la Gondar. Nimesoma mengi kuhusu tepe za Waviking na za Wakelti, na ninaziheshimu, lakini sijui kazi nyingine ya vibao iliyobeba uzito kama huu.

Namna pazia lilivyofika London ni habari ya kusikitisha, na haina budi kusemwa. Mwaka 1866 Mfalme Tewodros wa Pili aliupora mji wa Gondar, na mali ya makanisa ikakusanywa katika ngome yake ya Maqdala. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza likiongozwa na Robert Napier lilipanda kutoka pwani ya Bahari ya Shamu ili kuwakomboa Wazungu aliokuwa amewafunga. Tarehe 13 Aprili ngome ilivunjwa na Tewodros akajiua. Askari walipora kila kilichobebeka. Ilihitajika tembo 15 na nyumbu karibu 200 kuishusha ngawira hadi uwanda wa Dalanta, ambako ilinadiwa. Richard Holmes wa British Museum alikuwa amefuatana na msafara huo kwa kazi ya kununua vitu kwa ajili ya makumbusho. Pazia liliingia katika daftari la makumbusho mwaka huo huo wa 1868.

Elimu ya kulisoma ilichelewa zaidi ya karne nzima. Peter Collingwood, aliyezaliwa 1922, alisomea udaktari, akaenda Jordan na Msalaba Mwekundu, na huko akavutwa na ufumaji. Akaacha kutibu akawa mfumaji, na katika karakana yake huko Suffolk alitumia miaka kugeuza vibao vyake kwa kila namna aliyoweza kuifikiria: matundu manne na idadi nyingine, vibao vilivyopinduliwa, mirija, migeuzo ya kurudi. Mwaka 1982 alitoa kitabu cha mbinu za kazi hii ambacho wafumaji wa vibao bado wanakifungua kabla ya kingine chochote. Aliipanga kazi kwa kufuata kile ambacho nyuzi zinafanya, na hivyo mshipi wa Uturuki, mkanda wa Myanmar na pazia la Gondar vikaweza kuzungumzwa kwa msamiati mmoja. Alifariki mwaka 2008.

Tangu mwaka 1999 chama cha AFROMET kimekuwa kikidai vitu vya Maqdala virudishwe Ethiopia. Baadhi vimerudi. Pazia bado liko London. Wafumaji wake hawakuandika majina yao kwenye hariri, wala hakuna mchoro wa kazi waliouacha, lakini mfumaji wa leo anayetaka kuifumia Gondar pazia jingine hatahitaji mchoro. Atahesabu vigwe kutoka ukingo hadi ukingo, atatazama kipi kimeinama kama S na kipi kama Z, ataweka alama kila mahali mstari unapokunjika, na atajua kibao cha mia moja kiligeuzwa upande gani siku ile. Kwanza itabidi aruhusiwe kulikaribia.